Taa ya injini imewaka na gari linamisi? Hivi ndivyo namba ya hitilafu inavyosomwa kabla ya kununua spea

Taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, wenye magari ya zamani wengi hupita njia ileile. Gari linapelekwa kwa fundi, linaunganishwa kwenye mashine, namba inatoka, spea inanunuliwa, taa inazimwa. Siku tatu baadaye taa imerudi na gari linamisi kama mwanzo. Fedha imekwenda, na mara nyingi spea iliyotolewa ilikuwa nzima.

Tatizo si mashine. Tatizo ni namna namba ile inavyoeleweka. Namba ya hitilafu haisemi spea gani imekufa. Inasema kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, imeona kitu kisicho cha kawaida sehemu fulani. Kujua kwa nini ni kazi ya kupima.

Mifano mingi hapa chini ni ya Toyota za petroli za miaka ya 1990 na 2000, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani Afrika Mashariki. Njia ya kupima ni ileile kwa magari mengi mengine.

Taa iliyotulia na taa inayopepesa si kitu kimoja

Taa ikiwaka na kutulia, gari linahitaji kupimwa mapema, lakini kwa kawaida linaweza kuendeshwa taratibu hadi gereji, ilimradi injini haichemki, taa ya oili haijawaka na nguvu ipo.

Taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka, hali ni nyingine. Kwenye magari yenye mfumo wa kisasa wa kujipima, maana yake silinda moja au zaidi haichomi mafuta vizuri kiasi cha kuharibu masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti.

Petroli isiyoungua kwenye silinda inaingia kwenye ekzosti na kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda kupita kiasi, na masega yanaweza kuyeyuka na kuziba. Ekzosti ikiziba, gari linakosa nguvu kabisa. Joto hilo pia ni hatari likikutana na nyasi kavu au oili iliyovujia chini ya gari.

Kwa hiyo taa ikipepesa, dereva anatakiwa apunguze mwendo, aache kukanyaga mafuta kwa nguvu, na asimame sehemu salama. Plagi moja mbovu ni tatizo dogo. Plagi hiyohiyo ikiendeshwa kilomita 100 huku taa inapepesa, inaweza kuondoka na masega.

Namba inasomwaje

Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kujipima kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Mfumo huo unaitwa OBD-II, na soketi yake ina matundu 16, kwa kawaida chini ya dashibodi upande wa dereva.

Namba zake zina herufi moja na tarakimu nne. Kila sehemu ina maana:

- Herufi P ni injini na gia. B ni bodi, C ni breki na usukani na vitu vya chini, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari.
- Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, namba hiyo ina maana ileile kwa magari yote. Ikiwa 1, ni namba ya kiwanda husika.
- Tarakimu ya pili inaonyesha eneo. 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi na kumisi, 4 ni mambo ya moshi, 5 ni mwendo na mlio wa injini gari likiwa limesimama, 6 ni kompyuta yenyewe, 7 ni gia.
- Tarakimu mbili za mwisho zinataja tatizo lenyewe.

Hivyo P0303 inasomeka hivi: injini, namba ya kawaida, eneo la moto, silinda ya 3 inamisi. P0300 ni kumisi bila kuganda kwenye silinda moja. P0351 hadi P0354 zinahusu umeme wa koili ya 1 hadi ya 4. Kwenye baadhi ya Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hitilafu ya umeme wa koili hutoka kama P1300, P1305, P1310 au P1315, kwa silinda ya 1 hadi ya 4 kwa mfuatano.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ileile ya matundu 16, lakini yanazungumza lugha ya kiwanda. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuunganisha na simu kinaweza kushindwa kuyasoma. Hiyo haina maana kwamba kompyuta imekufa. Itafutwe mashine inayoijua lugha ya kiwanda hicho.

Toyota za zamani zaidi: kuhesabu mwanga wa taa

Toyota nyingi za kabla ya mfumo huo hazihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro unaoonyesha kila tundu.

Fundi anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha anafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini inaanza kupepesa. Ikiwaka haraka haraka bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikiwaka mara moja, ikapumzika, kisha ikawaka mara nne, hiyo ni namba 14.

Kwa upande wa kuwasha, namba za kuangalia sana ni hizi:

- 12 na 13: kompyuta haipati taarifa ya mzunguko wa injini kutoka kwenye sensa zake.
- 14: kompyuta imetoa amri ya kupiga moto lakini haikupata jibu kutoka kwenye kifaa kinachoendesha koili.

Tahadhari: matundu ya kiboksi hicho hayafanani kazi. Mengine yana umeme wa betri moja kwa moja. Waya ukiwekwa kwa kubahatisha unaweza kuunguza fyuzi au kitu cha bei kubwa zaidi. Mwenye shaka asome mchoro kwanza.

Kabla ya kufungua kitu: betri na kumbukumbu

Kosa la kwanza gereji ni kuchomoa betri ili taa izime. Taa inazima kweli, lakini ushahidi umefutika pamoja nayo.

Namba inapohifadhiwa, magari ya OBD-II huhifadhi pia picha ya wakati huo: mwendo, mzunguko wa injini, joto, na uzito wa kazi ambayo injini ilikuwa ikifanya. Picha hiyo ni dalili muhimu. Gari linalomisi likipanda mlima au likiwa na mzigo mara nyingi lina tatizo la moto, kwa sababu mgandamizo ukiwa mkubwa ndani ya silinda, plagi inahitaji umeme mkali zaidi ili kuruka. Gari linalomisi likiwa limesimama tu, kisha likatulia likikanyagwa, mara nyingi linavuta hewa mahali lisipotakiwa.

Namba zote ziandikwe au zipigwe picha kwa simu kabla ya kufuta chochote, zikiwemo zile zinazosubiri, ambazo bado hazijawasha taa.

Kisha betri ipimwe kwa mita. Ikiwa imepumzika, betri nzima yenye chaji husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, inatakiwa isome takribani 13.5 hadi 14.5. Wakati wa kupiga starta, ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu au kuna kiungo kibovu. Umeme mdogo unaweza kuzaa namba za uongo, na gari likaonekana lina magonjwa matano wakati lina betri moja iliyochoka au vichwa vya betri vyenye kutu.

P0303: hatua kwa hatua bila kununua kitu

Mfano ni Toyota IST au Spacio yenye injini ya 1NZ-FE. Injini hii ina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake. Silinda ya 1 ni ile iliyo upande wa mnyororo wa taimingi, kisha zinahesabiwa kuelekea upande wa gia.

1. Swichi inazimwa na injini inaachwa ipoe. Nyuzi za plagi kwenye hedi ya alumini huharibika kirahisi plagi ikifunguliwa injini ikiwa ya moto.

2. Koili ya silinda ya 3 inahamishiwa silinda ya 2, na ya 2 inahamishiwa ya 3. Hakuna kingine kinachoguswa. Namba inafutwa, gari linaendeshwa hadi limisi tena, kisha linasomwa upya.

3. Namba ikibadilika kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ugonjwa umehama pamoja nayo. Ikibaki P0303, koili ile haina kosa, na fedha ya kununua nyingine imeokoka.

4. Baada ya koili, zinabadilishwa plagi kwa njia hiyohiyo. Zinapotolewa ziangaliwe vizuri. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta yamezidi. Oili inaonyesha injini inapitisha oili. Plagi iliyolowa petroli mara nyingi haikupiga moto. Mstari mweusi kwenye sehemu nyeupe ya kaure unaonyesha umeme umekuwa ukitorokea pembeni.

5. Mdomo wa plagi upimwe. Kwa nyingi za Toyota hizi ni milimita 0.8 hadi 1.1, lakini kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha gari. Mdomo ukipanuka kwa uchakavu, koili inafanya kazi ya ziada kuurusha moto, na nayo inachoka. Ndiyo maana koili mpya kwenye plagi zilizokwisha haidumu.

6. Shimo la plagi liangaliwe kama lina oili. Gasketi ya kifuniko cha tapeti ikichoka, oili inajaa humo na kulainisha mpira wa koili hadi umeme unatoroka. Hapo kubadili koili bila gasketi ni kazi bure.

7. Koili na plagi zikiwa safi, kinachofuata ni nozeli ya silinda ya 3 na waya zake. Mwisho ni kupima kompresheni. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hakuna plagi itakayoitibu. Fundi akitia oili kidogo kwenye silinda hiyo na kipimo kikapanda, ringi zinatiliwa shaka. Kisipopanda, valvu au gasketi ya hedi ndizo za kuangalia.

Hatua mbili za kwanza hazihitaji hata shilingi ya spea, na zinachukua muda mfupi. Fundi anayeziruka na kuagiza koili nne kwa mpigo anabahatisha kwa mfuko wa mteja.

Plagi mpya zinaanza kufungwa kwa mkono hadi zikae, ndipo spana inatumika. Kwa injini hii kipimo cha kukaza ni karibu Nm 18, nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Plagi feki nazo ni tatizo. Maandishi yaliyofifia, mdomo uliopinda na bei ya chini kupita kawaida ni dalili za kutilia shaka.

Gari lenye distributa

Corolla na Carina za miaka ya 1990 nyingi zina distributa na waya ndefu za plagi. Hapa hakuna koili za kubadilishana, lakini kuna vitu vinne vya kuangalia: kifuniko cha distributa, rota, waya na plagi.

Kifuniko kifunguliwe na kuangaliwa nyufa, kutu ya kijani kwenye vituo, na mistari myeusi ya umeme uliotoroka. Waya zipimwe kwa mita. Kwa Toyota nyingi za aina hii, waya mmoja haupaswi kuzidi ohmu 25,000.

Kuna kipimo kingine cha bure. Usiku, sehemu yenye giza na hewa ya kutosha, boneti inafunguliwa injini ikiwaka. Waya zilizochoka huonyesha cheche za bluu zikirukia chuma. Mikono, nguo na nywele zikae mbali na mikanda na feni.

Magari haya husumbua zaidi wakati wa mvua, na pia baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha. Maji yakiingia kwenye distributa au kwenye mashimo ya plagi, gari lililokuwa zima linaanza kumisi dakika hiyohiyo. Kabla ya kununua kitu, sehemu hizo zikaushwe kwanza.

Usichomoe waya wa plagi injini ikiwaka

Mafundi wa zamani walizoea kuchomoa waya mmoja mmoja kusikiliza silinda ipi imekufa. Umeme wa plagi hufikia makumi ya maelfu ya volti. Unaweza kumpiga mtu akaruka na kuumia, na ni hatari zaidi kwa mwenye kifaa cha moyo. Tena umeme usio na pa kwenda unaweza kuua koili na kifaa kinachoiendesha, na cheche karibu na mvuke wa petroli huwasha moto. Kuna kifaa maalumu cha kupimia cheche, na fundi makini anacho.

Namba zinazopeleka watu pabaya

- P0420: inasema masega hayafanyi kazi ipasavyo. Lakini kama gari linamisi pia, kumisi kutibiwe kwanza. Masega mapya kwenye injini inayomisi yataharibika kama yale ya mwanzo.
- P0171: hewa imezidi mafuta. Wengi hununua sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa. Kianze kuangaliwa kama kuna mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya kupima hewa yenye uchafu, au pampu ya mafuta iliyochoka. Hitilafu hizi zinaweza pia kuleta kumisi.
- P0335 na P0340: sensa za mzunguko wa injini. Dalili inayojulikana ni gari kuzima ghafla likipata joto, kisha kuwaka vizuri likipoa. Hata hivyo waya iliyokatika ndani au soketi yenye oili hutoa namba hizohizo. Waya ipimwe kabla ya sensa kununuliwa.

Gari likikataa kuwaka kabisa bila namba yoyote, swali ni moja: kinachokosekana ni moto au mafuta? Mshale wa mzunguko wa injini ukibaki chini kabisa wakati starta inazungusha, kwenye magari mengi hiyo ni dalili ya kutilia shaka sensa ya mzunguko.

Anayenunua gari lililotumika aangalie taa hii

Swichi ikifunguliwa kabla injini haijawashwa, taa ya injini lazima iwake. Injini ikiwaka, taa inazima. Isipowaka kabisa mwanzoni, huenda balbu imeungua au imetolewa makusudi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kwa gari kilio hicho humfika mnunuzi.

Ujanja mwingine ni kufuta namba saa moja kabla ya mteja kufika. Huu unagundulika. Mashine huonyesha vipimo vya ndani ambavyo gari limekwisha kujifanyia. Vingi vikiwa bado havijakamilika, kumbukumbu imefutwa au betri imechomolewa hivi karibuni. Mnunuzi anaweza kuomba gari liendeshwe zaidi na kusomwa tena kabla ya kulipa.

Maswali matatu ya kumuuliza fundi

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili asipoteze fedha. Anahitaji kuuliza mambo matatu kabla ya kukubali spea:

- Namba ilikuwa ipi, na imeandikwa wapi?
- Umepima nini kuthibitisha kwamba spea hii ndiyo mbovu?
- Ukiihamishia silinda nyingine, tatizo linahama nayo?

Fundi aliyepima atajibu bila kusita, na pengine ataonyesha plagi yenyewe mkononi. Asiyekuwa na jibu bado hajafika kwenye spea, hata kama mashine yake imeshatoa namba. Na spea ya zamani ibaki na mwenye gari hadi kumisi kuthibitike kwisha, kwa sababu si mara moja wala mbili ikagundulika kwamba ndiyo iliyokuwa nzima.